Ugomvi wa Wanaofanana

Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mchungaji mmoja aliuawa katika vurugu zilizoanzia kwenye swali la nani achinje ng'ombe. Kwa miaka mingi mazoea ya Kanda ya Ziwa, kama ilivyo sehemu kubwa ya Tanzania, yalikuwa kwamba nyama ya kuuzwa buchani huchinjwa na Mwislamu, ili kila mnunuzi aile bila wasiwasi. Baadhi ya Wakristo wakasema nao wanataka kuchinja na kuuza. Baadhi ya Waislamu wakakataa. Ubishi wa machinjioni ukaishia kwenye mauaji. Kisha zikafuata kamati na vikao, na katika vikao ikatolewa kauli ambayo ndiyo hasa iliyonichokoza kuandika haya, maana haikuishia mwaka ule. Inarudi kila palipo na msuguano, na sasa imekuwa kama dua ya kufungulia mikutano ya amani: kwamba Ukristo na Uislamu, pamoja na dini ya Kiyahudi iliyozitangulia, vinafundisha jambo moja, kwamba sote ni watoto wa Ibrahimu, na kwamba anayeng'ang'ania tofauti ama hajasoma, ama ni mchochezi. Nadhani kauli hiyo si kweli. Nadhani pia kwamba, kwa nia njema kabisa, imechangia ugomvi inaodai kuutuliza.

Tusikae kwenye fasili. Mungu mmoja aliyeumba, manabii waliotumwa, maneno yaliyofunuliwa, siku ya hesabu: dini zote tatu zinayakiri hayo, na atakaye kuiita hiyo misingi ya pamoja aiite. Tatizo linaanza tunapodhani kwamba ya pamoja ni yale tu ambayo wote watatu wanayashika, kwa hiyo tukazanie hapo katikati na kuyaacha ya pembeni. Mtazame Isa, au Yesu. Myahudi, Mkristo na Mwislamu waulizwe maswali matatu tu juu yake. Je, alizaliwa na bikira? Mkristo na Mwislamu wanakubali, Myahudi anabaki peke yake. Je, ni Mungu aliyefanyika mtu? Myahudi na Mwislamu wanakataa kwa sauti moja, Mkristo anabaki peke yake. Je, alikufa msalabani? Myahudi na Mkristo hawabishani kwamba aliuawa. Mwislamu, kwa aya ya 157 ya Sura An-Nisaa kama wafasiri wengi walivyoielewa, anabaki peke yake. Maswali matatu, na kila dini imeachwa upweke mara moja. Ukitafuta wanachokubaliana wote watatu juu ya mtu huyu, unabakiwa na Myahudi fulani aliyeishi Palestina zama za Warumi, jambo ambalo hata asiyeamini Mungu analikubali. Hapo katikati hapana kitu. Lakini kati ya kila wawili pamejaa tele.

Ukishauona mpangilio huo huachi kuuona. Kwa maandiko, Myahudi na Mkristo ni ndugu: Torati, Isaya na Zaburi za huyu ndizo za yule, wakati Mwislamu anaamini kwamba Taurati, Zaburi na Injili ziliteremshwa lakini wanazuoni wake wengi wanasema zilizopo mikononi mwa watu zimetiwa mkono. Kwa sheria, ndugu ni Myahudi na Mwislamu: tohara, udhu, chakula, namna ya kufunga ndoa na kugawa urithi, na rabi anafanana na shehe kuliko anavyofanana na padri, kwa kuwa kazi ya wote wawili kwanza ni kutoa hukumu ya kisheria. Kwa daawa na uinjilisti, ndugu ni Mkristo na Mwislamu: wote wawili wametumwa kwa mataifa yote, ilhali Myahudi hatafuti waongofu. Na Ibrahimu anayetajwa vikaoni kama baba wa kutupatanisha ndiye hasa anayegombewa. Kwa Myahudi, agano lake lilipita kwa Isaka na Yakobo hadi kwa taifa moja. Paulo, akiwaandikia Warumi, alishika hoja kwamba Ibrahimu alihesabiwa haki kabla hajatahiriwa, kwa hiyo ni baba wa waaminio wa kila kabila. Qur'ani, katika Sura Aal Imran, inakana kwamba alikuwa Myahudi au Mkristo. Kila anayekuja anamchukua Ibrahimu kutoka mikononi mwa aliyemtangulia. Hata mtoto aliyelazwa juu ya madhabahu hana jibu moja: Mwanzo inamtaja Isaka kwa jina, Sura As-Saffat haitaji jina, na Tabari, mfasiri mkubwa aliyefariki mwaka 923, alipendelea kauli kwamba ni Is-haka, ingawa Waislamu wengi leo wanashikilia kwamba ni Ismaili. Kumtaja mzee huyu ili watu wanyamaze ni kutaja kiini chenyewe cha kesi.

Turudi kwenye kisu, maana hapo ndipo kufanana kulipo kwingi kuliko popote. Katazo la damu lipo katika Mwanzo, katika maagizo aliyopewa Nuhu. Limo katika sura ya 17 ya Mambo ya Walawi. Limo katika sura ya 15 ya Matendo ya Mitume, ambako mitume waliwaandikia waongofu wa mataifa wajiepushe na damu na vilivyosongolewa. Limo katika Al-Baqara na Al-Maida. Ni vigumu kupata hukumu nyingine ya mwilini iliyorudiwa hivyo na vitabu vyote. Lakini tazama kila mmoja alichokifanya nayo. Myahudi alijenga fani nzima: mchinjaji aliyesomea na kuidhinishwa, kisu kinachopapaswa kwa kucha ili kuhakikisha hakina pengo hata dogo, mapafu yanayokaguliwa, nyama inayolowekwa na kutiwa chumvi ili damu itoke. Mwislamu alishika masharti machache zaidi, koo likatwe, damu imwagike, jina la Mwenyezi Mungu litajwe, na akapewa ruhusa katika Al-Maida kula chakula cha Watu wa Kitabu, ruhusa ambayo Myahudi hakumrudishia, kwani nyama ya Mwislamu si halali kwa sheria yake. Mkristo, kwa sehemu kubwa, aliiacha hukumu hiyo ikalala, akamfuata Paulo aliyewaambia Wakorintho wale kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza.

Sasa mazoea ya Tanzania yanaonekana yalivyokuwa. Hayakusimama juu ya imani moja. Yalisimama juu ya tofauti: mmoja ana sharti la kuchinja, mwingine hana, basi mwenye sharti na achinje, wote wale. Ilikuwa akili nzuri ya watu wa kawaida, na haikuhitaji kikao. Kilichoivunja ni Wakristo waliofungua upya barua hiyohiyo ya Paulo, wakasoma kwa makini zile sura za vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, wakahitimisha kwamba kuchinja ni ibada na kwamba nyama iliyosomewa dua ya dini nyingine si nyama tu. Yaani walianza kufikiri juu ya kisu kama anavyofikiri Mwislamu, na kama anavyofikiri Myahudi. Walikaribiana na Mwislamu, na hapo ndipo walipogombana. Aliyesema kwamba vurugu zile zilitokana na watu kusahau wanavyofanana alikuwa ameishika hoja kichwa chini.

Najua nitakavyojibiwa, na jibu hilo linanikera kuliko mengine yote: kwamba haya ni mambo ya kibinadamu, ni mila na taratibu tu, Mungu ni yuleyule, na kiini cha dini zote ni upendo na amani. Husemwa kwa upole na mtu aliyevaa vizuri, ukumbi ukapiga makofi. Nauliza: kiini hicho kimechaguliwa na nani? Mwondolee Mkristo msalaba na ufufuo, na Paulo mwenyewe amekwisha kumwambia kwamba imani yake ni bure. Mwondolee Mwislamu nusu ya pili ya shahada, na si Mwislamu tena. Mwondolee Myahudi agano, Sabato na taifa, umwachie upendo kwa wote, na umemwachia kitu ambacho babu zake walikataa kukibadilisha na vyao hata walipofukuzwa Hispania mwaka 1492. Kilichobaki baada ya kuondoa yote hayo ni wema, na wema upo kwa anayetambikia mizimu ya ukoo wake na kwa asiyeamini chochote. Ni jambo zuri, ila si la dini hizi tatu. Kauli inayodai kuzikusanya dini tatu chumbani imezitoa zote nje na kufunga mlango.

Tena ina majivuno yaliyovishwa joho la unyenyekevu. Anayesema kwamba tofauti ni ganda tu amejiweka juu ya wote watatu. Yeye ndiye anayeona kokwa, wao wanatafuna ganda. Anamtazama mama aliyefunga tangu alfajiri, na mzee anayekataa kuwasha moto Jumamosi, na kijana anayepiga magoti mbele ya ekaristi, na anawaambia kwamba wanachokijali zaidi si muhimu. Mihadhara ya viwanjani, ile ya vipaza sauti ambako mmoja anashika Biblia ya mwenzake na kumsomea aya za kumwangusha, ni mikali, mara nyingi haina adabu, na haijui kusikiliza. Lakini mhadhiri walau anaamini kwamba mpinzani wake anamaanisha anachosema, na amejisumbua kukisoma kitabu chake. Mtu wa kauli tamu hajasoma hata kimoja, kwa sababu alishaamua kabla ya kukifungua kwamba vinasema jambo moja.

Na tuiache adabu, tuangalie mantiki. Mtu anapohubiriwa kwa miaka kwamba dini yake na ya jirani yake ni kitu kimoja, siku moja atauliza swali la haki kabisa: kama ni kitu kimoja, kwa nini kisu kiwe chake siku zote? Huwezi kumjibu kwa kumwambia kwamba mwenzake ana sharti ambalo yeye hana, kwa kuwa umeshatangaza kwamba masharti ni maganda. Huwezi kumjibu kwa kumwambia kwamba imani yake inamruhusu kula na ya mwenzake haimruhusu, kwa kuwa umeshakana kwamba imani zinatofautiana kwa jambo lolote la maana. Unabakiwa na mazoea, na mazoea yasiyo na sababu husomeka kama upendeleo. Upande wa pili nao unauliza: kama ni kitu kimoja, kwa nini huyu hataki tena kula nilichochinja, ila kwa chuki? Pande zote mbili zina swali la dhamiri, na zote zinaambiwa kwamba hakuna swali. Anayeendelea kuuliza anaitwa mchochezi. Ndipo maswali yanapohama kutoka kwa wenye elimu kwenda kwa wenye mapanga, kwa kuwa wenye elimu walikuwa wakipiga makofi ukumbini.

Kauli hiyo sasa ina hata jengo lake. Kwenye Kisiwa cha Saadiyat, Abu Dhabi, ilifunguliwa mwaka 2023 Nyumba ya Familia ya Ibrahimu: msikiti, kanisa na sinagogi, michemraba mitatu iliyo sawa, mita 30 kila upande, kazi ya msanifu David Adjaye aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1966. Ni majengo mazuri, na usawa wa vipimo una maana yake ya kisiasa ambayo siibezi. Kinachonifurahisha ni jina lililopewa sinagogi: Musa bin Maimun. Sidhani kama wangeweza kumchagua mtu ambaye mizani yake ilikuwa mbali zaidi na michemraba iliyo sawa.

Naomba nikae kidogo na rabi na mwanafalsafa huyu, kwa kuwa haijapata kutokea akili iliyoyapima mambo haya kwa ukali kama yake. Alizaliwa Cordoba karne ya 12, familia yake ikakimbia utawala wa Almohadi, wakapita Fez na Akka, akatulia Fustat nchini Misri, akawa tabibu wa wakubwa wa dola ya Salahuddin, akafariki mwaka 1204. Falsafa yake aliiandika kwa Kiarabu chenye herufi za Kiebrania. Waislamu walikuwa wamemhamisha kwao, na barua yake kwa Wayahudi wa Yemen haina neno la upole juu ya Uislamu. Lakini alipoandikiwa na Obadia, mwongofu aliyetoka katika Uislamu, akilalamika kwamba mwalimu wake alimtukana kwa kusema kwamba Waislamu si waabudu sanamu, Musa alijibu kwamba Obadia ndiye mwenye haki: Waislamu wanamuungama Mungu mmoja bila doa, na huyo mwalimu amwombe radhi mwanafunzi wake. Juu ya Wakristo alisema kinyume. Kwa sababu ya Utatu aliwahesabu miongoni mwa waabudu sanamu. Mpaka hapo ungesema hesabu imekwisha, Mwislamu yuko karibu, Mkristo yuko mbali. Akaulizwa swali jingine: je, inafaa kumfundisha Torati asiye Myahudi? Akajibu kwamba Mkristo inafaa, Mwislamu haifai, kwa kuwa Mkristo anaikubali Torati kama ilivyo na kukosea katika kuifasiri, hivyo anaweza kuonyeshwa, wakati Mwislamu anasema maandishi yenyewe yamebadilishwa, hivyo hakuna pa kuanzia. Mtu huyohuyo, kalamu ileile: aliye karibu kwa tauhidi yuko mbali kwa maandiko, aliye mbali kwa tauhidi yuko karibu kwa maandiko. Hakujaribu kujumlisha umbali huo wa aina mbili utoe jibu moja, kwa kuwa haujumlishiki.

Na mwanawe ananivutia zaidi. Abraham bin Musa, aliyerithi uongozi wa Wayahudi wa Misri, aliwatazama masufi wa Cairo akaona kwao kusujudu, kunawa miguu na ukimya ambao aliamini ulikuwa wa manabii wa Israeli wenyewe, na kwamba Wayahudi waliupoteza uhamishoni. Akaanza kuurudisha sinagogini. Wapinzani wake Wayahudi walikwenda kumshtaki kwa sultani wa Kiislamu, al-Adil, kwamba amezua mambo mapya katika dini. Wayahudi wanamlalamikia Mwislamu kwamba Myahudi mwenzao anasali kama Mwislamu! Kufanana kulikuwa ndiyo kosa lenyewe, na mshtakiwa alijitetea si kwa kusema kwamba dini ni moja, bali kwa kusema kwamba kusujudu ni kwetu, na wao ndio waliotuhifadhia. Hata katika kuazima alikataa kuungana.

Zipo hoja za haki zaidi dhidi yangu. Nakubali kwamba ugomvi wa machinjio ulibeba pia ajira, ushuru na siasa. Nakubali kwamba kiongozi aliyesimama mbele ya umati wenye hasira hatoi muhadhara wa mantiki, na uongo mtamu wa jioni moja unaweza kuokoa maisha. Na wapo wa upande wa pili wanaosema Mungu wa Waislamu ni mwingine kwa kuwa wanakana Utatu. Hao waseme basi kwamba Mungu wa Isaya naye ni mwingine, maana Wayahudi nao wanaukana, na sijawasikia wakisema hivyo.

Lakini ugumu ulio mzito zaidi unatoka ndani ya hoja yangu. Nimedai kwamba tofauti zisemwe. Ethiopia zinasemwa: Addis Ababa zipo bucha za Wakristo na bucha za Waislamu, mmoja anachinja kwa jina la Utatu, mwingine kwa bismillahi, hakuna anayekula cha mwenzake, na hakuna anayeona tusi katika hilo. Sisemi kwamba bucha mbili zimeleta amani. Nchi hiyo ina majeraha yake ya kidini. Tena wenzetu hao wamekosa kitu ambacho Buseresere walikuwa nacho kabla ya 2013, sinia moja la pilau harusini. Na kusema kweli kabisa kunaweza kwenda mbali kuliko bucha mbili. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, hayakuiacha ile ruhusa ya Al-Maida wazi. Vitabu vyake vya fiqhi, Minhaj ya Nawawi kikiwa kimoja, vinasema kwamba Mtu wa Kitabu ambaye si wa ukoo wa Israeli huhesabika tu ikiwa wazee wake waliingia katika dini hiyo kabla haijafutwa na kubadilishwa. Kwa sharti hilo, Msukuma ambaye babu yake alibatizwa na wamisionari si Mtu wa Kitabu, na alichokichinja hakiliki. Madhehebu mengine ni mapana zaidi, na wanazuoni wengi wa leo hawalishiki sharti hilo. Lakini limo vitabuni, linasomwa madrasani, na Mkristo wa Geita hajui kwamba lipo. Kwa hoja yangu, ana haki ya kuambiwa. Sioni ni kamati gani ya amani itakayomwambia, na sina uhakika kwamba ningetaka liwe la kwanza kutangazwa siku kisu kinapogombewa tena.